WIKI YA 11: NANI KASEMA PICHA IKICHEZA IMEHARIBIKA?

Najua wengi mko kwenye testi na mnakimbizana na madesa, hata mimi nina asaimenti mbili zinaniangalia hapa mezani, lakini hili haliwezi kungoja maana kura ni Jumapili. Kwa hiyo leo sileti picha, leo naleta ugomvi. Mwenye kikombe cha chai akae nacho karibu.

Kwa wageni kidogo: sisi ni kikundi cha wanafunzi hapa Mlimani, kila wiki tunapiga picha kwa mada moja. Mada inatangazwa Jumatatu, picha inaletwa Jumapili kabla ya saa mbili usiku, moja tu kwa kila mtu, hakuna zawadi wala nini. Tulianza semista tukiwa 23. Tumepita wiki ya milango, wiki ya mikono, wiki ya mvua na nyingine kibao, na Jumapili iliyopita walioleta walikuwa 9. Sasa ni wiki ya 11 na mada ni ukungu wa mwendo, yaani ile picha ambayo kitu kinachokwenda kinajichora kama mchirizi badala ya kuganda. Na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mheshimiwa mmoja (simtaji, mwenyewe anajijua, na kesho tutakula naye chipsi mayai kama kawaida) ameleta hoja. Anataka mada hii ifutwe kwa sababu picha iliyocheza ni picha mbovu. Ikishindikana kufutwa, basi mtu aruhusiwe kupiga picha ya kawaida halafu aitie ukungu kwa programu. Na mwishoni kachomekea kitu kikubwa kuliko vyote: eti chalenji isiwe tena ya kila wiki, mtu alete "akipata picha nzuri". Wanne wamemuunga mkono. Mimi naipinga yote, kichwa hadi mkia.

Nianze na hili la picha mbovu, maana ndilo linaloniuma. Najua lilikotoka. Wazazi wetu walipiga picha kwa filamu, mkanda una picha 24 au 36, kila ukibonyeza hela imekwenda, kusafisha hela, kuchapisha hela. Ukienda studio mpiga picha anakukalisha kwenye kiti, anakuinua kidevu, halafu anakwambia usitikisike. Ikicheza ni hasara na ugomvi. Ndiyo maana albamu za majumbani kwetu zimejaa watu waliosimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa, na zile zilizocheza zilitupwa. Sheria hiyo ilikuwa na akili kwa wakati wake. Leo una simu, unaweza kupiga 60 ukiifuata daladala moja na kufuta 59, gharama yake chaji tu. Sasa kwa nini tuendelee kuishi kwa sheria ya mtu aliyekuwa anahesabu mkanda?

Mheshimiwa hakuishia hapo, alijibu kisomi, nampa haki yake. Alisema kamera ilijipatia jina kwa kugandisha vitu, akamtaja Eadweard Muybridge. Ni kweli. Mwaka 1878 kule Palo Alto, California, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio, farasi akipita anakata nyuzi na kila kamera inapiga kwa zamu yake. Ikathibitika kwamba farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne iko hewani, kitu ambacho jicho la mtu lilikuwa haliwezi kukiona. Safi kabisa. Lakini lile lilikuwa swali la miguu iko wapi. Ukiwa na swali la miguu iko wapi, gandisha, hakuna atakayekukataza. Ukitaka kujua ilikuwaje kupitwa na farasi yule, zile picha hazikwambii kitu. Itazame moja peke yake, farasi yuko pale kama kivuli kilichoning'inizwa kwenye kamba.

Halafu Mheshimiwa amesahau picha iliyotangulia farasi huyo kwa miaka 40. Mwaka 1838 Louis Daguerre alitega kamera yake dirishani akaipiga barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Barabara yenye shughuli, watu na magari ya farasi. Kwenye picha iko tupu! Sahani za wakati ule zilihitaji dakika kadhaa kunywa mwanga, kwa hiyo kila aliyekuwa anapita alipita bila kuacha alama. Kabaki mtu mmoja pembeni, kwa sababu alikuwa amesimama, kaweka mguu juu anang'arishwa kiatu. Jamani, katika watu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye picha duniani yumo mteja wa mpiga kiwi, teh teh teh. Wenye haraka zao wote wamefutika. Mnaona lakini? Mwendo haukuja kuharibu picha, ulikuwa humo tangu picha zinaanza, na tangu siku hiyo kamera imekuwa ikiamua nani aonekane kwa kuangalia nani katulia na nani anakwenda.

Na kuna yule kijana wa Kifaransa, Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa 1894. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikwenda kwenye mashindano ya magari, akaifuatisha kamera yake na gari lililokuwa linampita. Shata ya kamera ile ilikuwa ya pazia, inapita kipande kwa kipande, kwa hiyo gari limesogea wakati picha bado inaendelea kuandikwa. Matokeo yake tairi limelala kuelekea mbele kama yai, na watazamaji pembeni wamelala upande wa pili. Kwa sheria ya Mheshimiwa ile ni ya kutupa, gari lenyewe halijaingia lote. Mwaka 1963 jumba la sanaa la kisasa la New York lilifanya maonyesho ya picha za Lartigue, na lile tairi lililopinda leo linajulikana duniani kote. Simu zenu zinafanya jambo lilelile kila siku, kwa sababu nazo zinaisoma picha mstari kwa mstari. Mnaopiga panga boi hosteli na kuona mapanga yamepinda kama majani ya mgomba, ndiyo hiyo.

Mfano mmoja tu wa nje halafu narudi nyumbani. Urusi baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, hali ngumu, foleni kila mahali. Alexey Titarenko akaanza kuupiga mji wake wa Saint Petersburg akiacha shata wazi muda mrefu, watu wanaingia kituo cha treni ya chini ya ardhi. Kwenye picha hakuna watu, kuna moshi mzito unapanda ngazi, na katikati ya moshi unaona mikono imeshika reli. Zile picha zingepigwa kwa kugandisha ungeona umati wa watu wenye makoti, basi.

Sasa njooni kituoni kwetu saa kumi na moja jioni. Daladala haijasimama watu wameshaning'inia, konda nusu yuko ndani nusu yuko nje, bodaboda zinapita katikati, muuza maji anakimbia na dirisha. Hebu niambieni ni nini pale kimetulia. Halafu fungua kijitabu chochote cha kutangaza chuo chochote, uone sisi wanafunzi tulivyo: tumekaa chini ya mti, daftari mapajani, tunacheka na hakuna jani linalotikisika. Mimi tangu nianze mwaka wa kwanza sijawahi kukaa chini ya mti na daftari nikacheka. Nimekimbilia daladala. Nimekimbilia lekcha. Nimekimbilia foleni ya kusaini bumu. Tukikubali kwamba picha iliyocheza ni mbovu, tunakubali kwamba sehemu kubwa ya siku zetu haifai kupigwa picha, na watakaokuja baadaye watadhani tulikuwa tunaishi kwenye vijitabu vile.

Nakubaliana na Mheshimiwa kwa kitu kimoja. Sio kila kilichocheza ni picha. Ukibonyeza huku unatetemeka, kila kitu kinatikisika kwa pamoja, jengo, mti, basi, hiyo ni mbovu na mimi mwenyewe nitaipigia kura ya hapana. Mwendo unaonekana pale tu ambapo kuna kitu kimekataa kutembea. Nguzo imesimama, watu wanapita. Au uifuatishe kamera na bodaboda, dereva abaki anaonekana na dunia nyuma yake ichirizike. Au mama ntilie katulia, mwiko ndio unaozunguka kwenye ugali. Lazima uchague ni kipi kitulie, na uchague kabla hujabonyeza. Kwa hiyo anayesema hii mada ni ya wavivu, ajaribu kwanza.

Hesabu yenyewe sio ngumu, hata sisi wa sanaa tunaiweza. Daladala ikienda kilomita 36 kwa saa inakula mita 10 kila sekunde. Kwa kasi ya shata ya 1/1000 inasogea sentimita moja, itaonekana imeegeshwa. Kwa 1/20 inasogea nusu mita, hapo mchirizi unaanza kuonekana. Kwa 1/4 ni mita mbili na nusu, daladala inakuwa utepe wa rangi na maandishi hayasomeki tena. Panga boi likizunguka mara 300 kwa dakika ni mizunguko mitano kwa sekunde, kwa hiyo kwa 1/15 kila panga linafika lilipokuwa la mbele yake, mapanga matatu yanafunga duara zima. Hiyo unaifanya ukiwa umelala kitandani.

Kuna hoja ndogo ambayo wale wanne wanaishikilia, kwamba mada hii ni ya wenye kamera kubwa na inawaonea wenye simu. Hii ina ukweli mchana. Jua la Dar saa saba, ukiwa na ISO 100 na tundu la lenzi f/16, shata inataka karibu 1/100, na ukiziba hadi f/22 unaambulia 1/50. Simu ndio kabisa, nyingi tundu lake halibadiliki na liko wazi sana, kwa hiyo jua likiwaka inakimbilia 1/4000 huko, muda ambao daladala imesogea milimita mbili na nusu. Hapo hata ufanyeje huo mchirizi huupati.

Lakini nani kakutuma upige saa saba? Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza linaingia fasta. Zile dakika 20 baada ya jua kuzama ndizo zetu. Weka simu kwenye ule upangaji wa mkono, shusha ISO hadi mwisho, chagua 1/20. Bado kuna mwanga mwingi? Chukua miwani ya jua, iweke mbele ya lenzi. Sitanii. Miwani nzuri inakata sehemu kubwa ya mwanga na haikugharimu kama kichujio cha dukani. Egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, bonyeza. Hamna traipodi? Kuna mabega ya washikaji, kuna ukingo wa ukuta, kuna mfuko wa mchele. Kati ya wale 9 wa Jumapili iliyopita wenye kamera kubwa ni wawili tu. Naomba tusitumie umaskini wetu kama ruhusa ya kukaa.

Haya, programu. Hapa sina huruma.

Ukichukua picha iliyoganda ukaiambia programu itie ukungu, inavuta kila kitu upande mmoja kwa urefu mmoja. Angalia vizuri picha ya kweli ya bodaboda iliyofuatishwa na kamera. Spoku zimezunguka, nguzo ya karibu imechirizika sana, jengo la mbali kidogo, na mkono wa abiria aliyekuwa anapunga umepotea wakati bega lake lipo. Kila mchirizi una sababu yake. Programu inapewa picha ya 1/4000 na haijui nani alikuwa anakwenda na nani alikuwa amesimama, inabuni. Konda aliyekuwa anarukia mlangoni na mzee aliyekuwa anasubiri kwenye benchi wote wanapata ukungu uleule. Huo sio mwendo, ni rangi ya mwendo.

Mtauliza, mbona simu zenyewe zinafanya programu ndani yake? Swali zuri. iPhone tangu 2017 zina namna ya kuzikusanya fremu za picha hai, kama sekunde tatu hivi, na kuzifanya picha moja ya mwendo, na simu nyingine nyingi zina njia zinazofanana na hiyo. Mimi hiyo naipitisha. Zile fremu zilichukuliwa kweli, zile sekunde tatu zilipita kweli mbele ya lenzi, wewe ulisimama pale ukashikilia. Mpaka wangu uko hapo: mwanga wa muda ule uliingia kwenye kamera au haukuingia? Kama uliingia, changanya utakavyo. Kama haukuingia, umetunga. Na kutunga sasa hivi kumekuwa rahisi mno. Wiki ya mvua kuna mtu alituletea picha kali kweli, matone, taa, lami inang'aa, hadi mmoja wetu akasoma ubavuni mwa daladala ikawa imeandikwa "MWNEGE". Kwi kwi kwi. Akili mnemba ilikuwa haijawahi kupanda gari za Mwenge. Tulicheka, lakini mimi niliona uchungu kidogo, kwa sababu siku ile mvua ilinyesha kweli na mtu yule alikuwa hosteli mita chache kutoka barabarani.

Kwa hiyo napendekeza kinyume: kila picha ya wiki hii iletwe na kasi yake ya shata pamoja na mahali ilipopigiwa. Basi. Asiyeijua kasi yake ajifunze kuisoma, iko kwenye maelezo ya faili.

Tufike kwenye hili la "mtu alete akipata picha nzuri". Ndugu zangu, hili ndilo litakalotuua, na limefichwa chini ya hoja ya ukungu kama mfupa ndani ya mchuzi. Picha nzuri haipatikani kwa kusubiri, hasa hii. Ukifuatisha kamera na bodaboda mara 40 utapata moja au mbili za kuonyesha watu, na hizo zinatoka kwenye ile ya 31 huko, mkono ukishaizoea kasi. Anayesubiri "ipatikane" hafiki ya 31. Anapiga tatu, anasema mimi sina kipaji, anarudi kuangalia za wengine.

Faida yenyewe ya wiki iko Jumanne na Jumatano, wakati hata hujapiga. Tangu Jumatatu hii mimi nimeanza kuona vitu ambavyo nimevipita miaka miwili. Gurudumu la mashine ya miwa, mwenye mashine anaanza polepole halafu katikati ya muwa anaongeza. Kanga kwenye kamba ya hosteli ya akina dada, upepo ukija pindo linatangulia. Fundi cherehani, mguu wake unapiga kanyagio kabla mkono haujasogeza kitambaa. Kuna konda mmoja aliniuliza unanipiga wa nini, nikamwonyesha, mchirizi wa bluu na kiganja kimoja kimeshika mlango, akacheka akasema hapo hata mama yangu hanijui, piga tu. Hayo yote yamekuja kwa sababu kuna tarehe. Ondoa tarehe, macho yanarudi kulala.

Na msinidanganye kwamba tatizo ni muda. Tunapata muda wa kubishana Simba na Yanga hadi saa nane usiku. Picha moja kwa wiki, ndani ya wiki 15 za semista, ni picha 15. Mtu akimaliza miaka mitatu anaondoka na picha 90 za mahali alipoishi, zenye tarehe, alizopiga akiwa na testi, akiwa hana hela, akiwa na malaria, zikiwemo mbaya. Mimi nazitaka zile mbaya pia. Wanaoleta "wakipata" wataondoka na picha sita, zote za machweo Coco Beach.

Kwa hiyo kura yangu Jumapili ni hapana mara tatu. Mada ibaki, programu ya kubuni ikataliwe, wiki ibaki wiki. Nikishindwa nitakubali matokeo lakini nitaendelea kuleta yangu kila Jumapili hata nikibaki peke yangu na yule dada wa jiolojia ambaye hajakosa hata wiki moja.

Asiyejua kufuatisha kamera, kesho Alhamisi saa kumi na mbili jioni nitakuwa kituoni, upande wa pili wa barabara, nyuma ya mtaro maana hatutaki mtu agongwe na bodaboda kwa ajili ya sanaa. Njoo na simu yenye chaji na miwani ya jua. Mheshimiwa naye anakaribishwa, chipsi tutakula baada ya hapo.

Nawasilisha.